Kisogo cha Mama Delia

Fergal Tuohy alikuwa fundi bomba, na mimi, Januari, ni fundi jipsamu. Tulijuana saiti, kwa sababu ya mpangilio wa kazi: yeye anapitisha mabomba, mimi nakuja nyuma yake kuziba ukuta. Siku moja aliniambia mwenzake wa nyumba amehama, na kodi ya pale Weston, Toronto, haiwezi peke yake. Nikabeba mizigo yangu, nikahamia kwake ghorofa ya saba, kwenye fleti ya zamani inayotazama Mto Humber.

Alikuwa mtu mrefu wa mabega yaliyoinama, nywele nyekundu zimeanza kufifia, maneno machache. Kwao ni kijiji kinachoitwa Killavarra, magharibi mwa Ayalandi. Wenzangu wa Kitanzania walikuwa wakinitania kwamba nimepata bahati ya kukaa na Mzungu, atanisaidia mambo ya karatasi. Hawakujua kwamba mwenye karatasi pale ndani nilikuwa mimi wa Urambo. Mwairishi ndiye aliyekuwa hana.

Alikuja Kanada mwaka 2011, wakati kazi za ujenzi kwao zilipokufa na vijana wakatawanyika. Alikuwa na kibali cha miaka miwili. Kampuni iliyomwajiri iliahidi kumwombea kibali kingine, kisha ikafungwa ghafla, na siku zake zikaisha akiwa juu ya ngazi na spana mkononi. Akaendelea kufanya kazi, kama wengi wanavyoendelea. Baba yake alipofariki hakwenda kuzika. Baadaye alipata wakili, wakapeleka ombi serikalini la kuhurumiwa, na wakili akamwonya: usitoke nchini hadi jibu lije, maana ukitoka hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba utarudi. Fergal akakaa kungoja jibu.

Kule Killavarra walibaki wawili: mama yake, Delia, aliyekuwa amepita miaka themanini, na dada yake, Gráinne, ambaye hakuolewa tena baada ya kuachika na alikuwa akiishi na mama. Mama Delia alikuwa hasikii vizuri kwenye simu. Nakumbuka Jumapili ya kwanza niliyomsikia Fergal akipiga.

"Mama, ni Fergal."

"Nani?"

"Fergal, mama!"

"Fergal hayupo," mama alijibu kwa upole. "Yuko Kanada."

Akakata. Fergal alicheka, nami nikacheka.

Kisha ikaja ile korona. Makanisa yakafungwa, na padri wa Killavarra akafunga kamera juu ya roshani ya kwaya ili wazee wafuate misa wakiwa nyumbani. Ugonjwa ulipopungua watu walirudi kanisani, ila kamera ikabaki, inarusha matangazo kutwa nzima, ibada iwepo isiwepo. Misa yao ya saa nne asubuhi huku kwetu ni saa kumi na moja alfajiri.

Asubuhi moja nilitoka chumbani nikamkuta Fergal jikoni, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari. Kwenye kioo kulikuwa na kanisa dogo, na wazee wachache wamepiga magoti, wote wametupa mgongo.

"Unaona yule wa kofia ya buluu?" aliniuliza. "Ndiye mama."

"Mbona unamwona kisogo tu?"

"Kisogo kinatosha."

Nilichemsha chai yangu nikasimama nyuma yake. Siwezi kusema sikumwonea wivu. Mama yangu mimi yuko Urambo, na kanisani kwao hata taa ni za kubahatisha.

Gráinne ndiye aliyemwambia mama kwamba Fergal anamwona. Inasemekana Mama Delia hakuamini. Lakini kesho yake, misa ilipokwisha na wenzake wakielekea mlangoni, alisimama kati ya mabenchi, akageuka, akainua uso kuelekea juu kule kwenye kamera. Ulikuwa uso mdogo, mweupe, wenye miwani. Akainua mkono, akaushikilia hewani bila kuupunga, kama mtu aliyeitwa jina darasani. Fergal aliruka kutoka kwenye kiti. Akainua mkono wake pia, mkate ukiwa mkononi. Mimi nikaenda bafuni, maana si kila jambo la mtu ni la kutazamwa.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yao. Jumapili Gráinne anaweka simu kwenye spika karibu na sikio la mama, na swali la kwanza ni hilohilo: "Umeniona?"

"Nimekuona, mama. Jana ulivaa koti jipya."

"Si jipya. Nimelipiga pasi tu."

Gráinne alisema mama ameanza kuamka mapema, kuchana nywele mbele ya kioo, kubadili skafu. Siku moja, baada ya misa, alitoa kwenye mkoba jozi ya soksi nene za sufu alizomfumia, akaziinua juu ili mwanawe azione kabla hajazituma. Fergal akanionyesha kwa kidole, "Za kwangu hizo," kama mtoto.

Mambo yalikwenda hivyo karibu miaka miwili. Nasema hivi ili ijulikane kwamba kamera ile iliwapa kitu. Yaliyofuata hayafuti hilo, ingawa Fergal mwenyewe baadaye aliona yanalifuta.

Ilianza kidogo kidogo. Mama Delia akawa hangoji misa iishe. Padri akiwa katikati ya mahubiri, yeye anageuka, anatazama juu, midomo inacheza. Vipaza sauti viko altareni tu, kwa hiyo Fergal hakusikia anasema nini. Alimwuliza Gráinne.

"Anakuambia ushuke," Gráinne alisema. "Anadhani uko kule juu kwenye roshani. Anasema utapata baridi."

Gráinne akaendelea.

"Wiki iliyopita aliacha mkate wa siagi kwenye ngazi ya roshani, umefungwa kwenye karatasi. Mtunza kanisa ndiye aliyeukuta. Fergal, mimi nafanya nini?"

Daktari aliwaambia ni ule ugonjwa wa uzeeni wa kupoteza kumbukumbu. Mama alikuwa anamjua Gráinne, anajua njia ya kwenda kanisani, anajua kupika viazi. Ila bahari iliyomtenga na mwanawe ndiyo iliyofutika kichwani mwake. Kwake Fergal alikuwa darini mwa kanisa, na kila mtu alikataa kumteremsha.

Jumapili moja Fergal alijaribu kumweleza. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mlango uko wazi.

"Mama, nisikilize. Mimi siko kanisani. Niko Kanada. Niko Toronto, mbali."

Ile sauti nyembamba ikamjibu: "Kwa nini unanidanganya? Naiona taa yako."

Kamera ilikuwa na kitaa chekundu.

Baada ya hapo Gráinne akamwomba padri aizime. Padri alisikitika kweli, lakini akasema wapo wagonjwa vitandani ambao hawana misa nyingine ila hiyo. Basi Gráinne akamgeukia kaka yake. "Wewe acha kuangalia. Mwambie umeondoka. Mwambie chochote. Akijua huangalii, huenda atatulia." Fergal akaahidi. Akamwambia mama yake kwamba ameshuka, ameondoka, ameenda kazini. Mama akasema haya. Kesho yake akageuka tena, akazungumza na taa.

Na Fergal alikuwa anamtazama. Hakuacha hata siku moja. Alihamia chumbani, akafunga mlango, akashusha sauti.

"Si ulimwahidi dada yako?" nilimuuliza.

"Nikiacha, Januari," alisema, "atakuwa anaongea na ukuta."

Mwezi wa Novemba tulikuwa na kazi North York, kaskazini mwa jiji, jengo refu ambalo madirisha yake yalikuwa bado hayajawekwa yote, upepo unapita ndani. Ilikuwa asubuhi, mapumziko ya kahawa. Mimi nimekaa juu ya rundo la bodi za jipsamu, Fergal ameegemea nguzo, ametoa simu. Siku hizo alikuwa akifungua hata kama si saa ya misa, anatazama kanisa tupu kama mtu anavyotazama ua wa nyumba yake.

Nilimwona anasimama wima.

"Januari, njoo. Ile ni nini?"

Kanisa halikuwa na taa, ila mwanga hafifu wa madirishani. Katikati, kwenye njia, palikuwa na kitu cha buluu sakafuni. Kofia. Na pembeni, kati ya mabenchi mawili, palitokeza mguu mmoja, soksi ya kahawia, kiatu kimechomoka kisiginoni.

"Amekuja peke yake," Fergal alisema. "Amekuja kunitafuta."

Mguu ukasogea.

Akampigia Gráinne. Gráinne alikuwa kiwandani wanapofungasha samaki, ambako simu huachwa kwenye makabati hadi zamu iishe. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga nyumbani kwa padri. Mashine ikamwomba aache ujumbe. Akapiga kwa jirani, namba aliyoijua tangu utoto, haitumiki tena. Mimi nikapiga namba ya dharura ya hapa, maana sikujua nyingine. Mama aliyepokea alikuwa mpole. Akaniuliza niko mtaa gani. Nikamwambia aliyeanguka hayuko hapa, yuko Ayalandi, tunamwona kwenye simu. Akaniuliza tena taratibu, akaelewa, akasema hawezi kutuma gari kule, lakini nisubiri, atatafuta namba ya polisi wa upande ule. Fergal alikuwa ameshika simu yake kwa mikono miwili, hatazami kingine, anasema kwa Kiairishi maneno ambayo sijawahi kuuliza maana yake.

Fomeni alikuja kutuhimiza turudi kazini. Akaona kioo. Akavua helmeti yake, akakaa chini kwenye vumbi la saruji pamoja nasi.

Tulipata kituo cha polisi cha mji mwingine, si wa karibu, nao wakampigia mtu wa Killavarra. Muda wote huo picha haikukatika. Ningeshukuru kama ingekatika. Mguu ulikuwa unasogea, unatulia, unasogea. Baadaye ukawa umetulia tu. Mwishowe mlango ukafunguka, mwanga ukaingia, na mwanamume mmoja mnene akakimbia kwenye njia ile, akaikanyaga kofia, akapiga magoti kati ya mabenchi. Akavua koti lake akamfunika. Fergal akaniachia simu, akaenda kwenye dirisha lisilo na kioo akatapika nje.

Nyonga ilikuwa imevunjika, na baridi ya sakafu ya mawe ilikuwa imemwingia kifuani. Hospitalini ikageuka nimonia. Gráinne alimwekea simu sikioni, Fergal akasema aliyoyasema. Kama alisikia, hakuna ajuaye. Wiki iliyofuata Mama Delia akafariki.

Fergal alishusha begi kutoka juu ya kabati. Akapanga nguo, suti nyeusi aliyoazima kwa fomeni, viatu. Akalifunga. Siku mbili begi lile lilikaa mlangoni na mimi napita pembeni yake. Wakili alimwambia uamuzi ni wake, ila aujue ulivyo. Siku ya pili jioni akalirudisha chumbani.

"Huendi?" nilimuuliza.

"Miaka kumi na mitatu sikwenda akiwa hai," alisema. "Nitaingiaje mle ndani kwa ajili ya jeneza?"

Sijui kama huo ndio ulikuwa ukweli au ni woga wa kupoteza alichokingojea. Labda ni vyote viwili. Sikumhukumu, wala sikumsifu.

Nilimsimulia Philomena, katibu wa jumuiya yetu ya Kikatoliki. Alinikatiza kabla sijamaliza. "Mtu amefiwa na mama yake, kaka Januari, na ninyi mmekaa wawili ndani kama mayai? Nitakuja na wenzangu."

Wakaja. Makochi yakasukumwa ukutani, mikeka na khanga zikatandikwa, sufuria kubwa ikapanda jikoni. Chai ya tangawizi, maandazi, pilau. Wanawake walimpa Fergal mkono mmojammoja wakimwambia "pole sana", na yeye, aliyejifunza neno hilo kwangu, akajibu "asante" kila mara huku akiwa amesimama, hajui akae wapi. Baadaye akaniambia kwa sauti ndogo kwamba hata kwao ni hivi: watu hujaa nyumbani, chai haikatiki, marehemu hakai peke yake. "Nilidhani nitakaa mwenyewe," alisema. Alikula kidogo, kwa mara ya kwanza tangu habari zije. Télesphore, mzee wa Kikongo anayesali nasi, akaongoza rozari kwa Kiswahili chake chenye Kifaransa ndani.

Misa ya mazishi tuliitazama kwenye televisheni, kumi na kitu sisi, wengine na makoti yao ya kazini, kukiwa bado hakujapambazuka. Kanisa lilijaa safari hii. Jeneza mbele. Kisogo cha Gráinne kwenye benchi la kwanza, peke yake. Padri alipotaja jina la Fergal kati ya wafiwa, watu wetu wote waligeuka kumtazama. Mwishoni wanaume sita wakalibeba jeneza wakaja nalo kuelekea mlangoni, yaani kuelekea kwetu, likawa kubwa, kubwa zaidi, kisha likapita chini ya kamera na kutoweka ukingoni mwa picha. Makaburi yako nyuma ya kanisa. Hatukuyaona. Tulibaki tunatazama mabenchi yanavyoachwa matupu, mpaka Philomena akaanza sala ya marehemu.

Mchana Gráinne akapiga. Watu walikuwa bado wapo. Fergal akapokea jikoni. Sauti ya dada ilikuwa kubwa, wote tulisikia ingawa wengi hawakufuata Kiingereza chake cha kule.

"Uliniahidi hutaangalia."

"Kama nisingeangalia, asingepatikana."

"Kama asingekutafuta, asingeanguka!" Halafu akashusha sauti, na hapo ndipo palipouma. "Mimi nimemwogesha, Fergal. Nimembadilisha shuka. Nimemtafuta barabarani na mvua inanyesha. Jina aliloita ni lako. Mimi nilikuwa na mikono, wewe ulikuwa na macho tu. Ulikuwa unaangalia tu."

Fergal hakujitetea. Alisema, "Ni kweli, Gráinne," na simu ikakatika.

Majira ya baridi yalipita bila neno kutoka Killavarra. Fergal alimwandikia dada yake ujumbe wa Krismasi, ukasomwa, haukujibiwa. Ile kamera hakuifungua tena. Lakini mwili ulikuwa umezoea: saa kumi na moja yuko jikoni, taa haijawashwa, mikono juu ya meza. Nilikuwa nikimkuta pale nikienda kuoga. Alipungua mpaka mkanda wake akauongezea tundu kwa msumari. Nilimpeleka kwa Philomena mara mbili tatu, akala, akashukuru, akarudi kunyamaza.

Mwezi wa Septemba, Jumamosi, alikuwa anaosha vyombo, simu ikaita. Akaangalia jina, akakausha mikono polepole sana kwenye suruali.

"Fergal," Gráinne alisema. Hakusalimia. "Ile koki kubwa ya maji iko wapi?"

"Kuna nini?"

"Naenda Australia kwa kijana wangu. Perth. Naondoka Jumatano. Nyumba itabaki tupu, na wanasema nisipofunga maji mabomba yatapasuka kukiwa na barafu."

Fergal akakaa. Akaweka simu kwenye spika, nadhani ili mikono iwe huru, maana alianza kuchora hewani kana kwamba anaiona.

"Chini ya sinki la jikoni. Ingiza mkono nyuma, upande wa dirisha."

"Kuna mbili."

"Ya chini. Zungusha kulia."

"Imegoma."

"Usilazimishe, ni ya zamani, itavunjika. Shika kwa kitambaa. Taratibu. Rudisha kidogo kushoto kwanza, halafu kulia."

Tukasikia anahema. Chuma kikalia.

"Imefunga."

"Boila umezima?"

"Tangu asubuhi."

"Vizuri. Sasa panda juu, fungua bomba la bafuni. Kisha la chumbani kwa mama. Kisha rudi ufungue la jikoni. Yote, yaache wazi."

Akapanda na simu mkononi. Ngazi zililia moja baada ya nyingine, na Fergal alikuwa anaitikia kwa kichwa kila ngazi. Maji yakaanza kumwagika, kwanza kwa nguvu, kisha kwa kukohoa, kisha matone. Hakuna aliyesema kuhusu mama, wala kuhusu simu ya siku ile. Walingoja pamoja nyumba ikaushe.

"Yameisha," Gráinne alisema.

"Basi. Mimina chumvi kidogo kwenye choo, kisigande."

"Simu ya mezani nimeikata. Usije ukaipiga ukashtuka."

"Sawa."

"Nitakupigia nikifika."

"Nipigie."

Alipiga kweli. Hupiga bado, si mara nyingi. Saa za Perth na za Toronto zimepishana vibaya, mmoja akiamka mwenzake anakwenda kulala, kwa hiyo huzungumza dakika chache, mmoja wao kila mara akiwa amechoka. Mimi nimeshahama, mke wangu alipokuja tulipata nyumba Thorncliffe Park. Fergal bado yuko ghorofa ya saba, na jibu la ombi lake halijaja.